Bi Foleni na Kosa la Tarehe Kumi na Tisa

Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba, Bi Foleni anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya intaneti kwa miaka ishirini na sita na miezi mitano. Mimi, niliyekuwa Fundi Mkuu wake kwa miaka kumi na sita kati ya hiyo, nimeombwa kuandika wasifu wake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, sijui kama amebaki mtu mwingine aliyeiona kazi yake tangu siku ya kwanza. Pili, kuna jambo linalomhusu ambalo nimelificha kwa miaka kumi na minne. Lile kosa la tarehe kumi na tisa, ambalo kampuni nzima inaamini ni lake, na ambalo yeye mwenyewe anaamini ni lake, si lake. Daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi kliniki, na wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimemwomba mhariri asikate neno hata moja. Lakini wasifu ni wasifu, na mwenye sherehe ni yeye. Tuanze naye.

Alikuja mwaka 1999, kampuni ikiwa vyumba viwili juu ya duka la vioo, na modemu ishirini ukutani zikilia kama vifaranga. Aliajiriwa kujibu simu. Aliyemtangulia alidumu wiki tatu akaenda kufuga nyuki, akisema nyuki wakiuma huwa wana sababu. Huyu binti aliketi, akavuta simu, na kufikia saa nne asubuhi alikuwa anacheka na watu waliokuwa wamepiga kutukana.

Jina la Bi Foleni alipewa na wateja. Hakumwacha mtu aning'inie kwenye simu bila kujua hali yake. Alimwambia yuko wa ngapi na mbele yake kuna nani: "Wewe ni wa nne, mama. Kabla yako kuna mwalimu, kuna fundi cherehani, na kuna baba mmoja mwenye hasira. Huyo wa hasira nitamfupisha." Watu walingoja. Wengine, nilikuja kugundua, walipenda kungoja.

Fundi cherehani huyo alipiga siku moja kulalamika kwamba intaneti yetu imekufa. Akaulizwa imekufa au imezimia, na taa ngapi zinawaka. "Taa gani tena, dada? Kile kidude nimekifungia kabatini kisije kikaibwa." Bi Foleni akamwambia: "Basi baba, huyo hajafa, yuko mahabusu. Mtoe apate hewa." Tangu hapo fundi cherehani hakukubali kuzungumza na mtu mwingine ofisini. Mimi nilipopokea simu yake alisema, "Samahani, nipe mwenyewe." Mwenyewe! Nilikuwa na shahada mbili ukutani nyuma ya kichwa changu.

Kisha kulikuwa na mwoka mikate. Mnara wetu wa kwanza tuliusimamisha juu ya paa la kiwanda chake, na baada ya mwezi akadai mawimbi yanazuia unga wake kuumuka. Nilimwandikia barua ya kurasa nne kuhusu mawimbi, yenye michoro. Akaitumia kufungia mikate. Bi Foleni alikwenda akakaa naye asubuhi nzima, akaomba mnara uzimwe kwa saa moja, na unga ukabaki umelala vilevile. Akaomba kuona hamira. Ilikuwa imepitwa na muda miezi mitano. Alirudi ofisini na mikate sita ya moto, akaigawa sawasawa kwa wote, na kipande changu nilikila kwa shida.

Niseme wazi, kwa kuwa sina tena sababu ya kujipamba: nilikuwa na kijiba cha roho. Si wivu wa mara moja unaokuja na kupita kama chafya. Ulikuwa unakaa. Nilimwonea wivu wa kicheko chake, wa namna wateja walivyomletea machungwa, hata wa mwandiko wake, ambao ni wa duara na unasomeka.

Sasa nifike kwenye kazi iliyomfanya astahili ukurasa huu. Kampuni ndogo kama yetu hainunui intaneti ya kumtosha kila mteja kwa wakati mmoja. Inanunua njia moja ya kwenda duniani, kisha inaigawa. Mnara wa mwoka mikate ulihudumia nyumba mia moja na arobaini, na katika nyumba hizo alikuwamo mpiga picha mmoja tuliyemwita Bwana Harusi, kwa sababu alipakia video za harusi za watu wengine kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Bwana Harusi akianza kupakia, mtaa mzima ulisimama. Mama anayetaka kumtumia mwanawe barua ya mistari miwili alingoja bibi harusi amalize kukata keki.

Nilijaribu dawa yangu. Nilimkatia kila mtu kipande sawa cha kasi, asizidi hapo. Ilikuwa haki kwenye karatasi, na nyumbani ilikuwa dhuluma: mtu alikuwa peke yake macho alfajiri, njia yote tupu, naye bado anakwenda kwa kipande chake kimoja kati ya mia moja na arobaini. Nikaanza kutafuta dawa nyingine. Kwa miaka miwili niliandika hesabu za foleni, somo nililosomea ng'ambo, nikafika ukurasa wa kumi na moja. Kwenye jalada lake niliandika jina langu kabla ya kuandika kichwa cha habari.

Ndipo Jumatatu moja Bi Foleni akaingia kwenye mkutano kusoma orodha ya malalamiko, kama kila Jumatatu. Alipomaliza hakutoka. Alisema anaomba kusema jambo la nyumbani kwao.

Alizaliwa wa saba katika nyumba ya watoto tisa na bafu moja. Mama yao, alisema, hakumpangia mtu dakika. Bafu likiwa tupu, oga mpaka uimbe. Lakini mwenzio akigonga, unatoka na ndoo yako, unampisha, kisha unarudi. Na anayenawa uso hamsubiri anayefua. Anaingia yeye kwanza, maana atatoka mara moja. "Mwenye kufua hakosi kufua," alisema. "Anafua kwa awamu. Na nguo hazilalamiki." Akaongeza kwamba Bwana Harusi anafua, na yule mama wa mistari miwili ananawa uso.

Mkurugenzi alicheka mpaka akatoa leso. Kisha akaacha kucheka. Akanigeukia: "Fundi, hili linawezekana?"

Nikajibu kwamba linahitaji utafiti. Halikuhitaji. Nililijua lile jibu akiwa bado anaongea. Lilikuwa ukurasa wangu wa kumi na mbili, ule nilioshindwa kuuandika, na umetamkwa na binti wa dawati la simu aliyeshika orodha ya malalamiko mkononi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Siku ile nilijiona nina kipara.

Hakungoja niandike. Kwa miezi mitatu alitumia saa zake za mapumziko ya mchana kujifunza lugha ya mitambo, na hesabu zake akaziweka katika daftari la jalada la kijani. Alikuja kuniuliza maswali. Mengine niliyajibu. Mengine nilimwambia nitayatazama, akaenda akayajibu mwenyewe. Bodi ikakubali kuijaribu ile iliyokwisha kuitwa Kanuni ya Bafu kwenye mnara wa mwoka mikate kwa siku thelathini. Ikifaulu, angepandishwa kuwa Fundi Mkuu Msaidizi, mtu wa kwanza kutoka dawati la simu kuvuka ukumbi na kuingia chumba cha mitambo.

Ilifaulu siku ya kwanza. Simu za malalamiko zilikuwa mbili, na moja ilikuwa ya mtu aliyekosea namba. Bwana Harusi alitishia kuhama. Bi Foleni akaenda studio kwake na saa ya mkononi, wakapakia harusi moja pamoja, na ikaonekana imechelewa dakika nane tu. "Dakika nane, kaka, na mtaa mzima unapumua. Hata hao maharusi wenyewe walichelewa zaidi ya hapo." Bwana Harusi akabaki, na yuko nasi hadi leo.

Jioni ya siku ile ya kwanza nilikuwa nyumbani kwangu, moja ya zile nyumba mia moja na arobaini, nasoma gazeti kwenye kompyuta. Ukurasa ukasita. Pengine kwa sekunde mbili tu. Nikajua maana yake: mahali fulani mtaani mtu ananawa uso, labda fundi cherehani, na mimi nimeambiwa nitoke na ndoo yangu nimpishe, kwa amri ya binti anayepokea simu zangu. Sikulivumilia. Asubuhi yake niliingia kwenye ruta ya mnara, mashine inayogawa njia, ambayo ni mimi peke yangu niliyekuwa na neno lake la siri, nikaandika mstari mmoja wa ruhusa: nyumba yangu isiingie kwenye foleni. Ipite wakati wowote, ichukue kiasi chochote, isimpishe mtu.

Kanuni yake haikuwa na nafasi ya mtu wa namna hiyo. Kwenye nyumba ya mama yao hakuwapo mtoto aliyekuwa na ufunguo wake wa bafu. Kwa wiki tatu haikuonekana, kwa sababu mzee anayesoma gazeti hachukui mengi.

Siku ya ishirini na tatu ya majaribio ilikuwa Jumatano, tarehe 19 Oktoba 2011. Shule ya sekondari iliyo chini ya mnara ilikuwa na watahiniwa thelathini na mmoja wa mtihani wa ufadhili wa chuo, mtihani wa kwanza wao kuufanya kwa kompyuta, kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa. Mtihani huo haukuwa na marudio. Mmoja wa watahiniwa alikuwa mdogo wake Bi Foleni, kitinda mimba, yule wa tisa. Ofisi nzima tulilijua hilo, kwa kuwa asubuhi alipita kila meza akituomba tumwombee. Kisha akaenda shuleni kukaa nyuma ya chumba, kama alivyomwahidi mwalimu mkuu.

Nami asubuhi ileile, kabla ya kutoka nyumbani, nilikuwa nimeiacha kompyuta yangu ikipakua mihadhara ya chuo changu cha zamani, video mia mbili na kitu, kwa ajili ya uzee wangu. Kwenye nyumba nyingine yoyote mihadhara ile ingekaa nyuma na kufua kwa awamu. Kwangu ilikuwa na ruhusa. Kufikia saa saba ilikuwa imeubana mnara mzima.

Alinipigia simu mara tatu kutoka shuleni. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliye kwenye chumba cha mtihani. "Fundi, mnara umebanwa. Hebu tazama huko mna nini." Nilimjibu natafuta. Mara ya tatu hakusema kitu kirefu, alisema tu, "Mzee wangu, watoto wanalia."

Majibu ya watahiniwa kumi na wanne yalifika. Ya wengine kumi na saba hayakufika. Saa kumi Bi Foleni alisimama mbele ya wazazi katika ukumbi wa shule, hajatumwa na mtu, akasema kosa liko kwenye hesabu yake, na kwamba anaomba radhi. Mama mmoja alimtemea mate miguuni. Mdogo wake alikuwa miongoni mwa wale kumi na saba. Nimesimuliwa kwamba alimshika dada yake mkono nje ya geti akamwambia, "Dada, acha kulia. Mimi siku zote ndiye niliyekuwa wa mwisho kuingia bafuni." Leo ana karakana ya pikipiki na watoto watatu, na ni mtu mcheshi. Alitaka kuwa mhandisi wa madaraja.

Bodi ikafuta kupandishwa cheo kwa Bi Foleni. Akarudi dawati la simu, na kanuni ikaletwa mezani kwangu irekebishwe. Nikafunga mlango siku mbili. Siku ya tatu nikatoka na kutangaza kwamba Kanuni ya Bafu imerekebishwa, na kweli ikawa inafanya kazi bila doa, na inafanya kazi hadi leo kwenye minara sita na nyumba zaidi ya elfu mbili. Marekebisho yangu yote yalikuwa kuondolewa kwa mstari mmoja. Sikugusa hata namba moja ya Bi Foleni. Hapakuwa na namba ya kugusa.

Nilipostaafu mwaka 2015, nilifanyiwa hafla kubwa, nikapewa saa ya ukutani iliyoandikwa jina langu na maneno "Aliyeinyoosha Kanuni". Aliyeandika wasifu wangu, na kuusoma kwa sauti, alikuwa Bi Foleni. Wenye kumbukumbu watakumbuka alivyosema kwamba niliibeba aibu yake mabegani bila kumsimanga. Watu walipiga makofi. Nilipiga makofi. Saa ile iko mbele ya kitanda changu na haijawahi kupoteza majira.

Baada ya mimi kuondoka, hatimaye alipewa ile nafasi ya Fundi Mkuu Msaidizi, miaka minne baada ya siku aliyoistahili. Wenzake wa sasa wanamjua kwa mambo ambayo mimi nimesimuliwa tu: jinsi alivyowafundisha mafundi wapya kujibu simu mwezi mzima kabla ya kuruhusiwa kugusa ruta, jinsi alivyoikatalia ofisi ya mkurugenzi mwenyewe ilipotaka kuwekwa nje ya foleni, akasema, "Bosi, hata wewe una uso wa kunawa, utaingia upesi tu." Niliposimuliwa hilo sikulala vizuri. Mkurugenzi aliomba akakataliwa. Mimi sikuomba.

Na kila mwaka, tarehe kumi na tisa Oktoba, anafungua daftari la kijani na kulitafuta kosa. Hilo wenzake hawalijui. Mimi nalijua kwa sababu tangu nilipougua anakuja kunitazama kila Jumamosi. Analeta machungwa, anafungua dirisha, anauliza kama nimekunywa dawa kwa sauti ileile ya "wewe ni wa nne, mama," kisha anavuta kiti. "Haya mzee, leo tuanzie ukurasa wa arobaini. Labda ni ile jumla ya nyumba." Tunaanzia ukurasa wa arobaini. Mara nyingine nimemwambia, hebu kagua tena hapa, nikionyesha mahali ambapo najua hapana kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye amekuwa akikimenyea chungwa.

Jumamosi iliyopita aliniambia kwamba siku ya kuaga atawakabidhi mafundi wapya daftari. Ukurasa wa mwisho ameuandika kwa wino mwekundu: "Kosa la tarehe 19. Sijalipata." Akacheka kidogo. "Nawaachia na aibu yangu, mzee. Huenda wao wana macho." Nikatazama ukutani, kwenye saa. Nilijua kwamba nikinyamaza wiki moja zaidi, mwanamke huyu atatoka kwenye geti lile, baada ya miaka ishirini na sita, akiwa na kosa la mtu mwingine kwenye mkoba.

Kwa hiyo, mafundi wapya, mtakapokabidhiwa daftari la kijani, kateni ule ukurasa wa mwisho. Kurasa nyingine zote ni sahihi, kuanzia wa kwanza. Nimezikagua mara nyingi kuliko yeye, nikitafuta kwa moyo wangu wote, na sikuambulia kitu. Na bodi, kama bado kuna wa kunisikia: saa yangu iko tayari kuchukuliwa.

Bi Foleni, kampuni inakushukuru, na wateja wako, kuanzia fundi cherehani hadi Bwana Harusi, wanakushukuru zaidi ya kampuni. Tunakutakia nyumba tulivu, simu isiyolia, na bafu lako peke yako, uoge mpaka uimbe. Mdogo wako mwambie nitamwandikia kama mkono utaruhusu. Jumamosi hii usije na daftari. Ukiona huwezi kuja kabisa, nitaelewa. Hata sasa, nikiandika haya, nakuonea wivu: wewe ulikuwa na kosa la kutafuta, nami nilikuwa nalo mkononi.

Limebaki moja. Huko juu nimeandika kwamba nilikujibu natafuta, na msomaji mwema atadhani nilikuwa natafuta. Simu yako ya kwanza ilikuja saa saba na dakika kumi. Skrini ilikuwa mbele yangu, na nyumba yangu ilikuwa juu kabisa ya orodha, kwa rangi nyekundu. Kuufuta mstari ule kulihitaji nusu dakika. Niliweka simu chini, nikaagiza chai, nikaufuta saa tisa na dakika tano.